Meza Iliyobaki Uani: Chakula cha Kichina na Historia ya Mlo wa Bei Nafuu kutoka Kariakoo hadi Murangi, 1964–2025

1. Utangulizi

Mjini Musoma, mteja anayeketi kwenye benchi la mama lishe na kuuliza kama kuna chainizi hatarajii kuletewa chakula cha Kichina. Anaulizia mboga ya majani, ile yenye bua nene jeupe na majani mapana, ambayo hukatwakatwa, hukaangwa kwa kitunguu na nyanya, kisha huwekwa pembeni mwa ugali na samaki. Mboga hiyo huota haraka, huuzwa kwa fungu, na imezoeleka kiasi kwamba watu wengi hawafikirii tena asili ya jina lake. Hata katika vijiji vya ukanda wa ziwa, Murangi kikiwa kimojawapo, neno hilo halihusishwi na mgahawa wala na mpishi kutoka China. Ni jina la mboga tu.

Hali hiyo ina swali la kihistoria ndani yake. Wachina wamekuwa wakifanya kazi Tanzania tangu 1964. Wamejenga reli, kiwanda cha nguo, mashamba na viwanja vya michezo, na wametibu wagonjwa, Musoma ikiwemo. Katika miji mingi ya dunia ambako Wachina walifika, chakula chao kiliishia kuwa mlo wa mtu wa kipato cha chini: bakuli la tambi au sahani ya wali wa kukaanga inayoliwa barabarani na mpita njia asiye Mchina. Tanzania haikufuata njia hiyo. Zaidi ya nusu karne ya uhusiano wa karibu haikuweka chakula cha Kichina katika orodha ya mama lishe, ilhali chapati, sambusa na bajia, zilizoletwa na wageni wengine, zimekuwa za wenyeji kiasi cha kutohitaji maelezo.

Insha hii inajadili sababu za tofauti hiyo. Hoja yake ya msingi ni kwamba chakula cha kigeni hugeuka kuwa chakula cha mtaani pale tu mpishi wake anapohamia, anapoajiri mwenyeji jikoni, na pale maarifa ya jiko lake yanapotoka nje ya ua na kuingia mikononi mwa mtu maskini anayetafuta riziki. Wachina waliofika Tanzania katika miongo ya mwanzo walikuja kwa mkataba, wakaishi kambini na wakapika wenyewe. Kwa hiyo vyombo vyao viliufikia mtaa, mboga yao ikaufikia, na baadaye pesa yao ikaufikia. Meza yao ilibaki uani. Insha inaanza na mfano wa chapati, inaendelea na jiko la wataalamu wa Kichina, inaangalia mtaa ulivyojazwa na mama lishe, kisha inarudi ziwani, ambako uhusiano kati ya Murangi na meza ya Kichina upo, lakini unakwenda upande mmoja.

2. Njia ya chapati

Ili kueleza kisichotokea, ni vyema kwanza kueleza kilichotokea. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilifika Kisumu na kuliunganisha Ziwa Victoria na Bahari ya Hindi. Meli za ziwani zilibeba mizigo na wafanyabiashara hadi bandari za Mwanza, Bukoba na Musoma. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka katika bandari hizo na katika vituo vidogo vya biashara vilivyozizunguka. Jambo lenye uzito katika mjadala huu ni namna walivyoishi. Walikuja na familia au waliziita baadaye. Walipanga na kujenga nyumba. Nyuma ya duka kulikuwa na jiko, na jikoni humo, mara nyingi, kulikuwa na Mwafrika aliyeajiriwa kufua, kukanda unga na kukaanga.

Chapati ilipita katika mlango huo. Mahitaji yake ni machache: unga wa ngano, mafuta, chumvi, maji, kikaango na makaa. Kijana aliyeifahamu kwa mwajiri wake aliweza kuipika kwake jioni, na aliyekosa kazi aliweza kuiuza asubuhi pamoja na chai ya maziwa. Sambusa na bajia zilikwenda njia hiyohiyo. Neno hoteli lenyewe, ambalo katika Kiswahili cha kila siku humaanisha mahali pa kula kabla ya kumaanisha mahali pa kulala, linaonyesha jinsi biashara ya chakula kilichopikwa ilivyokua mijini wakati wa ukoloni. Mwishowe hapakuwa na haja ya Mhindi kuwepo. Mwanamke wa Kijita anayesukuma chapati alfajiri kando ya stendi haigi mapishi ya mtu mwingine. Anafanya kazi ambayo labda mama yake aliifanya kabla yake.

Mfano huu unadhihirisha masharti matatu. La kwanza ni makazi ya kudumu. La pili ni ajira ya mwenyeji ndani ya jiko. La tatu ni vyakula na vifaa vinavyopatikana kwa mtaji mdogo. Masharti hayo ndiyo kipimo kitakachotumika katika sehemu zinazofuata.

3. Jiko la mkataba

Uhusiano wa Tanzania na Jamhuri ya Watu wa China ulikua haraka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar na Muungano wa 1964. Mwaka huohuo timu ya kwanza ya madaktari wa Kichina iliwasili Zanzibar. Februari 1965 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alizuru China, na Juni mwaka huo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Mkataba wa awali wa reli ya Tanzania na Zambia ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Ujenzi ulianza 1970, njia yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakamilika 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Makumi ya maelfu ya Wachina walishiriki katika kazi hiyo.

Idadi hiyo ingetosha kubadili mapishi ya nchi nzima kama idadi ya watu pekee ndiyo ingekuwa sababu. Utaratibu wa maisha yao, hata hivyo, ulikuwa tofauti kabisa na ule wa wenye maduka. Mwanzoni mwa 1964, akiwa ziarani Afrika, Zhou Enlai alitangaza kanuni nane za misaada ya China kwa nchi za nje. Kanuni ya nane ilitaka wataalamu wa Kichina waishi kwa kiwango kilekile cha wataalamu wa nchi waliyopelekwa, bila kudai starehe wala upendeleo. Kanuni hiyo ilisifiwa, na kwa haki, kwa sababu iliwatofautisha na wataalamu wa mataifa mengine waliodai nyumba kubwa, magari na watumishi. Nyerere mwenyewe aliuheshimu moyo huo wa kubana matumizi.

Hata hivyo, kanuni hiyo ilikuwa na matokeo ambayo hayatajwi mara nyingi. Mtaalamu asiye na watumishi ni mtaalamu asiyemfundisha mtu kupika. Jamie Monson, katika utafiti wake kuhusu reli hiyo uliochapishwa 2009, anaeleza maisha ya kambini yaliyoongozwa na nidhamu kali, yakiwatenga Wachina na wenyeji nje ya saa za kazi. Wafanyakazi hao walikuja bila familia, walilima bustani zao za mboga, walikuwa na wapishi wao, na mkataba ulipokwisha walirudi kwao. Mtanzania alifanya kazi bega kwa bega na Mchina mchana kutwa, akajifunza kupasua mwamba, kufunga reli na kutengeneza injini. Saa ya kula ilipofika kila mmoja alielekea upande wake.

Mkoa wa Mara haukupitiwa na reli hiyo, lakini ulikuwa na kituo chake cha uhusiano huu. Timu za madaktari wa Kichina zilianza kazi Tanzania Bara mwaka 1968, zikitoka jimbo la Shandong, na Musoma ikawa mojawapo ya vituo vyao pamoja na Dar es Salaam, Dodoma na Tabora. Kwa wakazi wa mkoa huo, kuanzia mjini hadi vijiji kama Murangi, Mchina wa kwanza kukutana naye ana kwa ana aliweza kuwa daktari wa hospitali ya mkoa, mwenye sindano za tiba ya jadi ya kwao au kisu cha upasuaji. Timu hizo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, na kwa desturi huja na mpishi wao.

Hivyo basi, jiko la Kichina limekuwepo Musoma kwa miongo mingi, kabla ya baadhi ya vyakula vinavyouzwa leo mtaani kujulikana. Lilikuwa jiko la kazi lililokusudiwa kumlisha daktari aendelee kutibu. Harufu ya tangawizi na vitunguu saumu vikikaangwa ingeweza kuvuka ua, lakini kanuni ya mapishi haikuvuka. Sharti la kwanza na la pili hayakutimia.

4. Vyombo kabla ya chakula

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba hakuna kilichovuka. Sehemu ya gharama za ndani za ujenzi wa reli ililipwa kwa utaratibu wa mikopo ya bidhaa: China ilileta bidhaa zake, zikauzwa madukani Tanzania, na shilingi zilizopatikana zikalipa mishahara na mahitaji ya ujenzi. Bidhaa hizo zilipita katika mashirika ya biashara ya umma, kwanza Shirika la Biashara la Taifa (STC) lililoanzishwa 1967, kisha makampuni ya biashara ya mikoa (RTC). Kwa njia hiyo mikopo ya reli ya kusini iliweza kuingia nyumba za kaskazini, mahali ambapo treni yenyewe haikufika.

Miongoni mwa bidhaa za Kichina zilizozoeleka tangu zama hizo ni vitambaa, baiskeli, chupa za chai zenye maua na vyombo vya bati vilivyopakwa rangi. Vyombo hivyo ni muhimu kwa historia ya mlo wa bei nafuu kuliko inavyodhaniwa. Anayeuza chakula barabarani hana jiko la kudumu. Anahitaji chombo kisichovunjika akibebeshwa kichwani, na chupa inayotunza joto la chai tangu alfajiri hadi saa nne. Chupa ya chai ya Kichina na bakuli la bati viliiwezesha biashara ya mama lishe kimwili, kabla ya mtu yeyote kufikiria kupika tambi. Mtaa ulipokea vyombo vya Kichina na kuvijaza vyakula vyake wenyewe.

Mboga ya chainizi inaingia katika kundi hilohilo. Haikuja kama mlo. Ilikuja kama mbegu, na ilipopandwa ilipikwa kama mchicha na matembele vilivyokuwa vikipikwa tangu zamani: kitunguu, nyanya, mafuta, chumvi. Jina lilibaki la kigeni, mapishi yakawa ya nyumbani. Katika Musoma na Murangi mboga hiyo husindikiza ugali, ambao mara nyingi ni wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa na kukaushwa, pamoja na sato au dagaa wa ziwani. Kitu kilichopokelewa kwa namna hii hakibadili muundo wa mlo; kinakaa ndani ya muundo uliopo.

5. Mtaa uliojaa

Sababu nyingine ya meza ya Kichina kutotandikwa mtaani ni kwamba mtaa haukuwa mtupu. Miaka ya mwisho ya 1970 na ya 1980 ilikuwa ya dhiki. Vita ya Kagera ya 1978–1979, kupanda kwa bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni vilipunguza thamani ya mshahara hadi mshahara wa mwezi ukashindwa kuilisha familia kwa mwezi mzima. Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa mijini Tanzania, anaonyesha jinsi wanawake walivyobeba mzigo wa familia kupitia biashara ndogondogo, kupika na kuuza chakula kukiwa mojawapo.

Jina mama ntilie, lililotokana na mteja anayesema “mama, nitilie”, linabeba picha ya biashara hiyo: sufuria, mwiko, na mtu aliyenyoosha sahani. Dola haikuikaribisha mara moja. Sheria ya Nguvukazi ya 1983, iliyokusudia kuwapeleka mashambani watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi, iliwaweka wachuuzi wengi wasio na leseni katika hatari ya kukamatwa. Miaka mingi baadaye jina la heshima zaidi, mama lishe, lilienea, na Desemba 2018 Serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Kati ya kufukuzwa na kupewa kitambulisho kuna historia ndefu ya wanawake waliosimama mahali pamoja hadi mahali pakawa pao.

Yapo maelezo mengine yanayoweza kutolewa kuhusu kutokuwepo kwa chakula cha Kichina katika biashara hiyo, nayo yanastahili kupimwa. Maelezo ya kwanza ni ladha: kwamba Mtanzania hapendi kubadili mlo. Hili halikubaliani na ushahidi wa chipsi mayai, chakula kisicho cha mababu wa yeyote, ambacho kimeenea nchi nzima. Maelezo ya pili ni dini, kwa kuwa nyama ya nguruwe ina nafasi kubwa katika mapishi ya Kichina. Lakini mapishi hayo yana vyakula vingi visivyo na nguruwe, na kwa upande mwingine kitimoto huuzwa waziwazi katika sehemu nyingi za Tanzania. Maelezo ya tatu ni mahitaji ya kupikia. Ni kweli kwamba mchuzi wa soya haukuwa bidhaa ya duka la RTC. Wali, yai, kabichi, kitunguu, tangawizi na samaki, hata hivyo, vilipatikana Musoma, na wali wa kukaanga kwa yai hauhitaji zaidi ya hapo. Sharti la tatu, basi, lingeweza kutimizwa. Kilichokosekana ni mtu wa kufundisha na sababu ya kufundishwa.

6. Ushahidi kutoka visiwani

Hoja hii inaweza kujaribiwa kwa kulinganisha Tanzania na sehemu nyingine ya Bahari ya Hindi. Nchini Madagaska, Wachina kutoka Kantoni walianza kujiimarisha mwishoni mwa karne ya 19, hasa pwani ya mashariki karibu na Toamasina. Walikuwa wenye maduka madogo vijijini, walikaa, na wengi wao walioa wanawake wa Kimalagasi. Leo supu ya Kichina na tambi za kukaanga ziitwazo misao huuzwa barabarani na Wamalagasi wenyewe kwa Wamalagasi wenzao. Morisi nayo ina tambi na matonge ya Kichina kama chakula cha kila mtu. Ng’ambo ya Pasifiki, mjini Lima, wazao wa vibarua wa Kichina walioanza kufika Peru mwaka 1849 waliifanya migahawa iitwayo chifa kuwa ya wenyeji wote. Vibarua hao walikuja kwa mkataba pia, tena mgumu kuliko wa reli ya Tanzania. Tofauti ni kwamba mkataba ulipokwisha wengi walibaki, wakahitaji riziki, wakapika.

Zanzibar inatoa mfano wa tatu, ulio kati ya hiyo miwili. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 palikuwa na Wachina wachache waliojishughulisha na ununuzi wa majongoo bahari. Walikaa, lakini idadi yao ilikuwa ndogo na biashara yao ilielekea nje: walichukua kitu ambacho wenyeji hawakukila na kukisafirisha kwa walaji wa mbali. Mfano huo mdogo wa pwani una umuhimu wake, kwa kuwa unatangulia kwa miongo kadhaa jambo litakalotokea Ziwa Victoria.

7. Kariakoo: meza iliyosogea

Baada ya miaka ya 1990 Wachina wa aina nyingine walianza kuja: wafanyabiashara binafsi, bila kambi na bila kanuni nane. Katika Kariakoo, Dar es Salaam, walifungua maduka ya viatu, simu, mikoba na maua ya plastiki. Palipo na wafanyabiashara hujitokeza mahali pa kula, na pembeni mwa hoteli za kifahari za Kichina za upande wa Masaki na Oysterbay, zilizokusudiwa wateja wenye uwezo, kulianza kuonekana migahawa ya kawaida yenye viti vya plastiki, tambi za moto na wali wa kukaanga. Kwa mara ya kwanza masharti yote matatu yalikaribia kukutana: mpishi anayepanga nyumba, msaidizi wa Kitanzania anayekatakata mboga jikoni, na chakula cha bei inayofikika.

Meza hiyo ilisogea lakini haikufika mtaani. Wateja wake wa kwanza walikuwa Wachina wenyewe, na bei, hata ilipokuwa nafuu kwa mwenye duka, ilibaki juu ya sahani ya mama lishe wa ng’ambo ya barabara. Aidha, uhusiano wa kibiashara uliingia mvutano. Januari 2011 Serikali iliwapa wachuuzi wa kigeni wa Kariakoo siku 30 kuondoka, kwa hoja kwamba walipewa vibali kama wawekezaji na si kama wauza maua na viatu. Julai 2025 ilitolewa amri iliyozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za jumla na rejareja. Amri hizo zilikuwa na msingi unaoeleweka: mchuuzi mwenye mtaji wa shilingi elfu hamsini hawezi kushindana na mwenye kiwanda Guangzhou. Lakini kwa mwanahistoria wa chakula zinaonyesha pia kwamba mlango ambao chapati ilipitia, yaani duka dogo la mgeni mkaazi, umekuwa mwembamba zaidi katika karne hii.

Mvutano huo haukuwa wa sheria pekee. Machi 2015, jijini Nairobi, mgahawa mmoja wa Kichina ulifungwa na mamlaka baada ya kuripotiwa kwamba uliwazuia wateja Waafrika kuingia jioni. Hasira iliyozuka ilivuka mipaka ya Kenya. Tukio moja halitoshi kuhukumu migahawa yote, na insha hii haikusudii hivyo. Linakumbusha tu kwamba ua wa kambi ya 1970 uliwekwa kwa jina la unyenyekevu na usawa, na ua wa mgahawa wa 2015 uliwekwa kwa jina la usalama wa wateja. Kwa mtu aliyesimama nje, matokeo yalifanana.

8. Mabondo: Murangi yailisha meza ya mbali

Ingawa Murangi haikupata mgahawa wa Kichina, imo ndani ya historia ya meza ya Kichina kwa njia isiyoonekana. Sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka sana kuanzia miaka ya 1980. Viwanda vya kusindika minofu vilijengwa Mwanza na Musoma kwa ajili ya soko la Ulaya. Mnofu ukaenda ng’ambo. Mfupa na kichwa, vinavyoitwa mapanki, vikabaki kuwa kitoweo cha maskini.

Ndani ya tumbo la sangara mna bondo, mfuko wa hewa unaomsaidia samaki kuelea. Kwa mlaji wa ukanda wa ziwa bondo halikuwa chakula cha thamani. Kwa mlaji wa Hong Kong au Guangdong, bondo kavu ni kiungo cha supu ya heshima, inayoandaliwa katika karamu na kwa mzazi aliyetoka kujifungua. Mahitaji hayo yaliligeuza kuwa sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika mwili wa samaki. Kilo ya mabondo makavu hupita kwa mbali bei ya kilo ya minofu, na samaki mkubwa, mwenye bondo kubwa, hutafutwa zaidi. Wanunuzi hufika mialoni, mabondo hukusanywa, hukaushwa, hupangwa kwa ukubwa na kusafirishwa.

Hapa majongoo bahari ya Zanzibar yanakutana na sangara wa Mara. Katika hali zote mbili mlaji wa Kichina hakuja kukaa na kupika. Alituma pesa imfuatie samaki. Mvuvi wa ukanda wa Murangi anaujua uzito wa bondo, anaijua rangi inayopendwa, anajua siku bei inaposhuka. Asichokijua ni ladha yake. Huenda akala chakula cha mchana kwa mama lishe: ugali wa udaga, dagaa, na chainizi pembeni, chai ikimiminwa kutoka chupa iliyotengenezwa China. Katika sahani hiyo moja imo historia nzima iliyojadiliwa hapa, isipokuwa chakula cha Kichina chenyewe.

Suala hili lina uzito zaidi ya udadisi wa mapishi. Mwenye kujua matumizi ya mwisho ya bidhaa yake ana nguvu ya kujadiliana bei. Asiyejua hupokea anachopewa. Muuza chapati anajua chapati inauzwaje, kwa sababu anaipika. Mvuvi wa bondo anategemea mnyororo wa wanunuzi kumwambia thamani ya kitu alichokitoa ziwani kwa mikono yake. Kutokuwepo kwa meza ya Kichina mtaani si upungufu wa starehe peke yake. Ni upungufu wa maarifa ambayo, kwa kawaida, maskini huyapata kwa kuingia jikoni.

9. Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba wingi wa wageni, urafiki wa serikali na hata uwepo wa jiko la kigeni mjini havitoshi kuzaa chakula cha mtaani. Chapati ilifaulu kwa sababu Mhindi mwenye duka alikaa na kumwajiri mwenyeji. Misao ilifaulu Madagaska kwa sababu Mkantoni alikaa na kuoa. Mchina wa reli na wa hospitali nchini Tanzania alikuwa mgeni mwema asiye na mtumishi, aliyekula kwake na kurudi kwao. Kanuni iliyomfanya aheshimiwe ndiyo iliyozuia mapishi yake yasirithiwe. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefuata alikuwa na nafasi ya kubadili hali hiyo, lakini alikuta mtaa umeshikwa na mama lishe na sheria inayowalinda wazawa.

Matokeo haya yana maana kwa uandishi wa historia ya uhusiano wa Afrika na China, ambao kwa sehemu kubwa huhesabu mikopo, kilomita na ziara za viongozi. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini havielezi kwa nini watu wawili waliojenga daraja pamoja kwa miaka mitano hawakujua mwenzao alikula nini. Historia hiyo inapaswa kutafutwa kwa wafagiaji, walinzi na wasaidizi wa jikoni: waliobeba maji kambini, waliofua mashuka ya madaktari Musoma, wanaokata kabichi leo katika migahawa ya Kariakoo. Wa kundi la kwanza hawangoji. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 ujenzi wa reli ulipoanza 1970 alitimiza miaka 75 mwaka 2025. Kuhusu kundi la mwisho kuna sababu ya matumaini. Ikiwa siku moja mama lishe wa Musoma atauza wali wa kukaanga kwa yai na tangawizi kwa bei ya ugali na dagaa, huenda aliyemfundisha asiwe Mchina, bali Mtanzania aliyerudi nyumbani kutoka jiko la mjini akiwa na mwiko wake.